Nuru na Mashapo Yake

Kila manufaa ambayo mwanadamu huyapata kwa kazi ya mikono yake huacha baki nyuma yake, na ijapokuwa wenye hekima wa kila taifa wamesema mengi juu ya manufaa, namna ya kuyatafuta, kuyagawa, kuyashukuru na kuyatolea zaka, ni machache waliyosema juu ya baki hilo, ambalo aghalabu hutupwa nyuma ya ukuta, mahali ambapo jicho la aliyenufaika halifiki. Katika insha hii nataka kuuliza juu ya baki moja lisilotajwa katika hotuba za Ijumaa wala katika mahubiri ya Jumapili, nalo ni mafuta machafu yatokayo katika vituo vidogo vya umeme vinavyoendeshwa kwa dizeli. Suala lenyewe ni hili: mafuta hayo, yakiisha kufanya kazi yake na kuharibika, ni ya nani, na dhima yake iko shingoni mwa nani mbele ya watu na mbele ya Mungu?

Asidhani mtu kwamba hili ni suala la mafundi peke yao. Kwa muda mrefu visiwa vyetu na miji yetu ya pembezoni havikuwa na nuru ya usiku ila ile iliyotoka katika mashine hizo. Pemba ilitegemea kituo cha Wesha, karibu na Chake Chake, mpaka mwaka 2010 ulipowasili waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Lamu, mji ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, uliwashwa kwa dizeli miaka mingi kabla ya nguzo za gridi ya taifa kuufikia. Kigoma ilianza kuzizima injini zake mwaka 2022. Kisiwa cha Mafia kimeishi kwa injini za namna hiyo hiyo, na kadhalika Mandera na Wajir, kaskazini mwa Kenya, miji iliyo mbali na gridi. Nuru hiyo haikuwa neema ndogo, kwa maana ndiyo iliyohifadhi chanjo za watoto zisiharibike, ndiyo iliyopandisha maji matangini, na ndiyo iliyomwezesha mwanafunzi kudurusu masomo yake baada ya sala ya Isha. Mwandishi ambaye ameandika kwa taa hiyo hawezi kuilaumu bila ya kujilaumu mwenyewe.

Wanavyuoni wa mantiki wamesema kuwa kukihukumu kitu ni tawi la kukitambua, basi na tukitambue kwanza. Injini ya dizeli hutumia mafuta ya namna mbili. Ya kwanza huungua na kutoka moshi. Ya pili, ambayo mafundi huiita oili, haikukusudiwa kuungua, bali huzunguka baina ya vyuma ili visisagane, na katika kuzunguka kwake huchukua masizi ya moto, chembe za chuma kinacholika, na asidi itokanayo na salfa iliyomo katika dizeli, mpaka ikawa nyeusi na kupoteza ule ulaini ilionunuliwa kwa ajili yake. Desturi ya injini ndogo ziendazo mbio ni kubadilishiwa oili kila baada ya saa 250 au karibu na hapo, na injini isiyozimwa usiku wala mchana hufikisha saa hizo kabla ya siku 11 kutimia. Vituo vinavyotumia mafuta mazito, ambayo ni rahisi kwa bei na mazito kwa uchafu, hulazimika kuyasafisha kwanza katika mashine za kuzungusha kwa kasi, na tope linalobaki hapo laweza kufika takriban sehemu moja katika kila mia ya mafuta yaliyopita. Zidisha juu ya hayo maji yanayokusanyika chini ya matangi na ambayo sharti yatolewe, maji ya kuoshea sakafu, filta zilizokwisha kazi, matambara ya kufutia mikono, na mchanga uliomwagwa juu ya mafuta yaliyodondoka ili uyanywe. Kila kimoja katika hivyo ni kidogo, ila vyote hutoka kila juma na kila mwezi, muda wote taa zinapowaka, na mwisho wa mwaka huwa ni pipa juu ya pipa.

Mapipa hayo huwekwa juu ya ardhi gani? Sehemu kubwa ya visiwa vyetu ni mwamba wa matumbawe, mwamba wenye matundu na nyufa zisizohesabika, ambao hunywa mvua upesi na kuipeleka chini, mahali ambapo maji matamu hukaa tabaka jembamba juu ya maji ya chumvi. Unguja hupata karibu maji yake yote kutoka chini ya ardhi. Lamu hunywa maji yanayohifadhiwa na machuguu ya mchanga wa Shela. Katika ardhi ya namna hiyo umbali baina ya kinachomwagwa juu na kinachotekwa kwa ndoo ni mdogo kuliko wenyeji wanavyodhani, na Idara ya Hifadhi ya Mazingira ya Marekani imekuwa ikiwaonya watu wake kwamba oili inayotolewa katika gari moja, kwa badiliko moja tu, yatosha kuharibu galoni milioni moja za maji matamu. Kisichoshuka visimani huteremka pwani, nako huikuta mikoko, ambayo Kenya nzima haina mahali penye mingi kuliko Lamu, na miti hiyo huvuta pumzi kwa mizizi iliyochomoza matopeni. Mafuta yakiipaka mizizi hiyo huziba pumzi zake, na mti hufa taratibu, baada ya muda mrefu kupita, wakati ambapo hakuna tena anayekumbuka ni siku gani mafuta yalimwagwa.

Hapa shaka la kwanza laweza kuletwa na mtu wa elimu, nalo si shaka la kudharauliwa. Atasema: sheria yetu imetenga vilivyo twahara na vilivyo najisi, na mafuta yatokayo ardhini hayakuhesabiwa miongoni mwa najisi. Tena katika Minhaj, kitabu cha Imamu Nawawi ambacho vizazi vya wanafunzi wa pwani wamekidurusu mbele ya mashekhe wao, maji yaliyobadilishwa na kitu kinachokaa kando yake pasipo kuchanganyika nayo hayakupoteza uwezo wake wa kutoharisha, na mfano mmoja unaotajwa mahali hapo ni mafuta. Aidha maji yakifika kadiri ya kulateni, ambayo kwa hesabu za wengi hukaribia lita 200, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Ikiwa utando wa mafuta juu ya maji haubatilishi udhu wa mtu, kosa la aliyeumwaga utando huo liko wapi?

Hoja hiyo ni sahihi katika mlango wake, na mlango wake ni tohara. Ubovu huingia pale inapotolewa humo ikapelekwa kuhukumu katika mlango usiokuwa wake. Fakihi anapouliza kama maji yafaa kutawadhia hakuuliza kama yafaa kunywewa na mtoto, wala hakuuliza kama aliyeyaharibu ana la kujibu. Mti wenye sumu si najisi, na anayemnywesha mwenziwe maji ya mizizi yake ni muuaji. Moto si najisi, na anayeuachia ukateketeza shamba la jirani hulipa shamba. Sheria hiyo hiyo ina mlango wa madhara, na msingi wake ni ile hadithi mashuhuri inayokataza mtu kudhuru na kukataza dhara kulipwa kwa dhara, hadithi ya 32 katika mkusanyo unaoitwa Arubaini, ambao mkusanyaji wake ni Nawawi huyo huyo. Imamu aliyetufundisha kwamba mafuta hayaondoi tohara ya maji ndiye aliyechagua katazo la madhara liwe miongoni mwa zile hadithi chache ambazo aliona dini huzunguka juu yake. Anayeshika la kwanza na kuacha la pili hakumfuata Nawawi, amemchagulia.

Na wala hatuhitaji kusimama katika katazo la jumla peke yake. Imepokewa katika mkusanyo wa Abu Dawud katazo la kufanya haja katika njia wapitapo watu, katika kivuli wapumzikapo, na katika maji watekapo, na limeambatanishwa na laana. Sababu ya kutajwa mahali hapo patatu haikufichikana: ni haja ya watu kwa mahali hapo, na ile ada ya mchafuzi kwenda zake akawaacha wengine na alichokiacha. Ikiwa laana humfika mtu kwa uchafu ambao jua na mvua huuondosha kwa siku chache, basi kwa kiasi kilicho wazi kabisa haiwezi kuwa nyepesi kwa uchafu unaodumu ndani ya mwamba miaka na miaka. Kadhalika mafakihi walikiwekea kisima eneo la heshima pembeni mwake ambalo haifai kuchimbwa wala kufanywa jambo la kukidhuru, wengine wakalikadiria kwa dhiraa 40, na wafuasi wa Imamu Shafi wakaliegemeza kwenye haja na desturi ya mahali. Nasi tukijua sasa jinsi mwamba wa matumbawe unavyopitisha, haja hiyo yenyewe ndiyo inayolipanua eneo hilo. Ipo pia hadithi inayohesabu maji, malisho na moto kuwa ni ushirika wa watu wote. Kituo cha umeme kimesimama baina ya viwili katika hivyo vitatu: hugawa moto kwa watu, na papo hapo hukaa juu ya maji yao. Na ndugu zetu Wakristo husoma mwanzoni mwa Biblia kwamba mtu wa kwanza aliwekwa bustanini ailime na aitunze, kwa hiyo hata kwao anayelima asitunze ametimiza nusu ya kazi aliyopewa.

Shaka la pili ni la mtu wa kazi, naye hasemi kwa vitabu. Husema: ni kidogo, na hakuna aliyeona. Ili tulielewe neno lake yatupasa tusimame naye kituoni. Tangi la mafuta hujengewa ukuta wa kulizunguka, na sheria ya ujenzi wake ni kwamba nafasi iliyo ndani ya ukuta iweze kuchukua yote yaliyomo katika tangi kubwa na sehemu moja ya kumi zaidi, ili tangi likipasuka mafuta yasitoke. Lakini ukuta unaozuia mafuta kutoka huzuia na mvua kutoka, na kwa hiyo umewekewa koki, ambayo yapasa ikae imefungwa, isifunguliwe mpaka mtu ayaangalie maji, na yakiwa na mafuta yapelekwe katika shimo lenye vyumba, ambamo maji hutulia, mafuta yakaelea juu yakakombwa, na maji yakapita chini. Inapofika masika, na mvua ikanyesha usiku kucha, na mlinzi wa zamu ni mmoja, na shimo limejaa kwa kuwa halikukombwa tangu mwezi uliopita, koki hiyo ikifunguliwa kidogo, mvua itachukua kila kitu mpaka baharini kabla ya alfajiri. Hapatakuwa na shahidi wala alama. Mwizi huondoa kitu ambacho mwenyewe atakikosa asubuhi na kupiga ukelele, bali huyu ameongeza kitu mahali ambapo hakuna atakayekitafuta.

Ihsani, kama inavyoelezwa katika hadithi ya Jibrili, ni mja kumwabudu Mola wake hali ya kujua kwamba aonwa, nasi tumezoea kuifahamu kuwa ni sifa ya mtu aliyesimama katika sala. Walakini aliye katika safu ya msikiti ana jamaa kuume na kushoto, na macho yao peke yake yatosha kumtengenezea rukuu yake; mbele ya koki, usiku wa mvua, hana msaada huo, na ikiwa atauacha mkono wake usifungue, ameuacha kwa sababu moja tu. Kwa hiyo naona kuwa kituo cha umeme, mahali penye kelele na weusi wa mafuta, ni mahali pa kupimia ihsani ya mtu kwa mizani iliyo sahihi kuliko mahali pengi tunapoheshimu. Ila haidhuru kuongeza kwamba nia njema pekee haimtoshi mtu huyo. Yuko mfanyakazi mwaminifu anayeosha sakafu kwa sabuni nyingi ili kituo kiwe safi, asijue kwamba sabuni huyavunja mafuta yakawa chembe ndogo zisizoelea, yakalipita lile shimo la vyumba bila ya kuzuiliwa. Sakafu ikang'aa na ufuko ukachafuka. Kujua namna kazi inavyokwenda ni sehemu ya uaminifu katika kazi, na asiyemfundisha mfanyakazi wake ameshiriki katika makosa ya mfanyakazi huyo.

Ama neno la kwamba ni kidogo, lijibiwe na historia ya karibu. Mwezi Disemba 2009 umeme unaoifikia Unguja kutoka bara ulikatika, na haukurejea mpaka Machi 2010. Katika miezi hiyo kila duka, kila hoteli na kila nyumba iliyojimudu ilinunua jenereta, na vichochoro vya Mji Mkongwe vikajaa ngurumo na moshi, hata ikawa mji mmoja una vituo vya umeme visivyo na idadi, na kila kimoja hakina ukuta wa kinga, wala shimo la vyumba, wala pipa. Hakuna hata mmoja wa wenye jenereta hizo aliyemwaga kiasi cha kutiliwa maanani. Kila mmoja alimwaga kibati kimoja, kisha kingine. Lakini oili yote iliyobadilishwa katika miezi ile ilikwenda mahali fulani, na uchache wa kila mmoja haukuuzuia wingi wa wote. Wahenga walituambia kuwa haba na haba hujaza kibaba, nasi tukalitumia neno lao kuhimiza akiba, tukasahau kwamba kibaba hakichagui kinachotiwa ndani yake.

Sasa turejee kwenye dhima: ni ya nani? Katika Majalla, ule mkusanyo wa sheria ambao dola ya Uthmania iliutoa baina ya mwaka 1869 na 1876, imo kanuni ya 87, iliyotokana na mafakihi wa kale, ambayo maana yake ni kwamba hasara hufungamana na faida, na anayekula matunda ya kitu ndiye anayebeba gharama yake. Sioni kanuni inayolifaa suala letu kuliko hiyo. Nuru na mashapo yake vimetoka katika tendo moja. Haiwezekani mtu kuinunua nuru akaikana oili nyeusi, kama kwamba ilizaliwa na tendo jingine. Na kwa kuwa walioinunua nuru ni wengi, dhima nayo imegawanyika kwa kadiri ya faida na kwa kadiri ya uwezo.

Fundi ana sehemu yake, nayo ni ya mkono wake, na hapana wa kumtolea. Lakini ni dhulma kumwekea yeye mzigo wote, kwa sababu aghalabu ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote na ndiye asiyeulizwa shauri. Mkubwa aliyeandika bajeti ya dizeli mpaka tone la mwisho, asiandike senti moja ya mapipa, ya paa la kuyafunika, wala ya gari la kuyachukua, ameshaifungua koki kabla ya fundi kufika zamu. Serikali nayo haina udhuru wa kukosa sheria: Kenya ilitunga sheria yake ya mazingira mwaka 1999 na Tanzania mwaka 2004, na Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 uliyahesabu mafuta yaliyokwisha kazi, pamoja na michanganyiko ya mafuta na maji, miongoni mwa taka zinazodhibitiwa. Kinachokosekana ni jicho la kukagua na ujasiri wa kumwandikia faini mwenzako wa serikalini. Tena yuko mnunuzi wa umeme, ambaye hujiona yuko mbali na yote haya. Yeye hulalamika bei ya uniti ikipanda, na ni haki yake. Lakini bei ambayo ndani yake hamna gharama ya mashapo haikuwa rahisi kwa kweli, kwa kuwa salio lake hulipwa na mwenye kisima aliye jirani na kituo, ambaye pengine nyumbani kwake hata waya haujafika.

Wako watakaosema: sisi ni maskini, na dharura huhalalisha yaliyokatazwa. Ni kweli, na mafakihi walioiweka kanuni hiyo waliifuatisha papo hapo na nyingine, kwamba dharura hukadiriwa kwa kadiri yake. Dharura yaweza kuruhusu mji usio na njia nyingine uendeshe dizeli, pamoja na moshi wake na ughali wake, maana mgonjwa aliye juu ya meza ya kupasuliwa hawezi kungojea nguzo za gridi. Dharura haiwezi kuruhusu kumwaga, kwani umwagaji haukumwokoa mgonjwa yeyote. Ulichookoa ni bei ya pipa na safari ya lori. Mafakihi waliongeza tena kwamba dhara haliondolewi kwa dhara mfano wake, na hapa wengi huteleza wakidhani wametengeneza. Oili chafu huuzwa au hugawiwa bure kwa watu wakapake nguzo na boriti zisiliwe na mchwa, wakamwagie barabara vumbi litulie, au wakaichome katika majiko yasiyo na joto la kuimaliza. Kwa njia hiyo kituo kimesafika, na uchafu umehamia katika mikono ya seremala, katika mifereji ya njia na katika mapafu ya majirani wa jiko. Kumgawia mtu kitu chenye kumdhuru, hata kwa uso mkunjufu, hakuandikwi sadaka.

Lililo sawa linajulikana, na wala si la ajabu. Panapovuja pazibwe, na chini ya injini pawekwe sinia za kukingia. Oili iliyotolewa itiwe katika mapipa mazima yenye vifuniko, yakae juu ya saruji na chini ya paa, yaandikwe yaliyomo. Isichanganywe na maji wala na mafuta ya transfoma, kwa sababu katika transfoma za zamani mna sumu ambazo Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliamuru vifaa vyenye sumu hizo viondolewe kazini ifikapo mwaka 2025 na uchafu wake umalizwe ifikapo 2028, na kiasi kidogo cha sumu hizo chaweza kuharibu tangi zima ambalo lingefaa kusafishwa. Shimo la vyumba likombwe kwa wakati, na maji yatokayo humo yapimwe: miongozo ya Benki ya Dunia ya mwaka 2008 haikuruhusu zaidi ya miligramu 10 za mafuta na grisi katika lita moja ya maji yanayotoka kituoni. Kisha mapipa yachukuliwe na wenye leseni, yapelekwe yanakosafishwa oili ikarudi kazini, au katika matanuri ya saruji, ambayo joto lake hupita nyuzi 1400 na huiteketeza oili vizuri. Na juu ya yote liwepo daftari, lita ngapi za oili mpya zimeingia na lita ngapi chafu zimetoka, kwa maana tofauti baina ya hesabu hizo mbili lazima iwe na maelezo. Imamu Ghazali alimtaka mtu aifanyie nafsi yake hesabu kabla ya kulala, kama mfanyabiashara na mshirika wake. Daftari hilo ni hesabu ya nafsi ya kituo.

Limebaki jambo moja, nalo ni la wakati wetu zaidi kuliko yote yaliyotangulia. Nyaya za bahari na gridi zinafika, paneli za jua zinaenea, na injini za dizeli moja baada ya nyingine zinazimwa. Watu hushangilia, nami nashangilia pamoja nao. Lakini injini ikizimwa mashapo hayazimiki. Yamo katika udongo ulio chini ya sakafu, katika mapipa yaliyoshika kutu nyuma ya uzio, na katika shimo ambalo hakuna tena wa kulikomba. Sheria ya mirathi imetufundisha utaratibu ambao kila nyumba ya pwani huujua: madeni ya marehemu hulipwa kwanza, ndipo kilichosalia kigawanywe kwa warithi. Basi kituo kinapofungwa, kabla ya injini kuuzwa kwa chuma chakavu, na kabla ya kiwanja kugawiwa kwa skuli au kwa soko, udongo upimwe, mapipa yaondolewe, na visima vya jirani vichunguzwe. Anayeanza kugawa kabla ya kulipa amewarithisha watoto deni, akaliita kiwanja.

Hukumu yangu ni hii. Kuyahifadhi mashapo ya nuru ni fardhi kifaya juu ya mji mzima ulioitumia nuru hiyo, mithili ya kumzika maiti: wakisimama wachache wakaitimiza, wengine wamesalimika, na ikiachwa, wote wameandikiwa dhambi, tangu waziri hata mwenye taa moja ya kibandani. Nayo hugeuka fardhi ya mtu mmoja mmoja kwa yule ambaye koki imo mkononi mwake, na kwa yule ambaye kalamu ya bajeti imo mkononi mwake, na baina ya hao wawili mwenye kalamu ndiye wa kwanza kuulizwa, kwa kuwa uwezo wake ni mkubwa zaidi. Ewe msomaji, ikiwa u mmoja wa hao wawili, wajibu wako umeujua. Ikiwa hu mmoja wao, uko miongoni mwetu sisi tulio wengi, na kwetu limebaki jambo jepesi ambalo hatujalifanya: twende kwa wanaotuuzia umeme tuwaulize mafuta yao machafu yanakwenda wapi, wala tusiridhike mpaka watuonyeshe daftari.